Kipande Changu cha Kamba

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Hakuna mtu aliyenisimulia, na sikuyaota. Naanza hivyo kwa sababu nawajua watu, watasema mzee alikuwa amelewa. Silewi. Nililewa sana zamani, mke wangu wa kwanza aliondoka kwa ajili hiyo, na nikaacha pombe mwaka ule ule alioondoka, ambao kwa kweli ulikuwa ni kuchelewa. Lakini niliacha. Siku ile nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili na nimekula samosa moja ya dengu. Ndiyo yote iliyokuwa tumboni mwangu.

Tena mnisamehe mwandiko. Nilifika darasa la nne, basi. Naandika kama ninavyosema.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko Fordsburg, hapa Johannesburg, nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mwema ambaye ananipa kona na soketi ya umeme. Viatu vya kawaida nashona, lakini sifa yangu ni viatu vya mlimani, mabegi ya kubeba mgongoni, na mahema. Watu wa vikundi vya kutembea milimani wananiletea kutoka mbali, hata Sandton, kwa sababu wamesikia kuwa huyu mzee alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Na ni kweli, nilikuwa. Nilianza kubeba mizigo nikiwa na miaka kumi na saba. Baadaye nikawa mtu wa kamba. Hao walikuwa wachache, wale waliotangulia kwenye barafu ya upande wa kusini kuwatafutia wageni njia. Siku hizi nasikia barafu ile imekuwa kidogo. Enzi zetu ilining'inia kama ulimi wa ng'ombe, na ilikuwa na mianya humo ndani ambayo ukitupa jiwe husikii likitua.

Sasa sikiliza jambo moja la Johannesburg, maana bila hili hutaelewa. Mjini kwetu theluji haianguki, labda mara moja tu mpaka watoto wanazaliwa na kukua. Lakini milima ya upande wa Lesotho, ikifika baridi ya mwezi wa sita, inapakwa nyeupe. Habari ikija kwenye simu kwamba imeanguka, watu wanachanganyikiwa. Wanakodi kombi, wanabeba nyama ya kuchoma, wanaondoka alfajiri kwenda kuangalia theluji. Wakongo, Watanzania, Warundi, na Wazulu wenyewe. Wanakimbia kwa sababu haikai. Jua la siku mbili tatu, imekwisha. Kwa hiyo kila mtu anataka kufika siku ya kwanza.

Na siku ya kwanza ndiyo siku ya kufa. Nitaeleza.

Mwanangu wa pekee anaitwa Elia. Ana miaka thelathini na miwili, anafanya kazi kwenye ghala moja huko Midrand, kupanga maboksi usiku na mchana. Kijana mzuri, hanywi, ananipigia kila Jumapili. Lakini amenirithi miguu. Anapenda mlima kupita kiasi. Wenzake wanamwita gaidi, ndiyo "guide" ya Kiingereza, maana yake kiongozi wa njia, eti kwa kuwa baba yake ni mtu wa Kilimanjaro. Hadithi zangu anazijua zote. Hasa ile moja, ya kamba iliyokatika.

Ijumaa ile habari ya theluji ilikuja asubuhi. Saa nne hivi akaingia kibandani Patient. Huyu ni kijana wa Bukavu, fundi cherehani, ameajiriwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Mwembamba, mcheshi, amevaa suti aliyoishona mwenyewe hata siku ya kazi. Akaniwekea buti mezani, soli imefungua mdomo.

"Papa, unifungie hii mamba mdomo," akasema. "Kesho tunaenda na Elia. Mi nataka kugusa barafu yenye haitoki kwa frigo."

"Buti gani hizi? Umeziokota?"

"Ni za marehemu Mzungu, Papa. Alikufa nazo akiwa na furaha."

Nikacheka. Nikamwambia asicheke na mlima. Akaniambia, "Papa, siogopi. Elia amenunua kamba mpya, ya bei. Haiwezi katika kama ile yenu." Akatoka anapiga mluzi. Mchana akanipigia simu kuuliza kama zimekwisha, ndiyo namba yake ikabaki kwangu. Akaja akazichukua.

Haiwezi katika kama ile yenu. Maneno hayo yaliniingia, lakini nikaendelea kugonga misumari.

Jioni umeme ukakatika. Eish, tumezoea. Robot, ndizo taa za kuongozea magari, zilizimika, magari yakaanza kupigiana honi, msikiti ukaadhini katikati ya makelele hayo. Mwenye duka alikuwa ameenda kuswali. Mimi nikawasha taa yangu ya kuchaji na hita ya gesi, nikawa nakusanya vifaa nifunge. Basi nikahisi baridi mgongoni. Siyo upepo. Ni baridi ya kufungua friji kubwa ya buchani, unaijua? Inakuja imesimama wima kama mtu.

Mtu akasema mlangoni, "Nakanyaga?"

Na mdomo wangu, niamini, mdomo wangu wenyewe kabla sijageuka ukajibu, "Nimekaza!"

Hapo nisimame nikueleze. Sisi watu wa kamba tulikuwa na utaratibu wetu. Mnatembea wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kamba kiunoni kwa kila mmoja. Masika yakiisha, theluji mpya inakuwa imefunika mianya ya barafu ya zamani. Kwa macho ni uwanja mmoja, mweupe, laini, mtamu kama uji. Chini kuna shimo. Wa mbele anachoma kwa fimbo. Akifika mahali pa mashaka anauliza, "Nakanyaga?" Wa nyuma anakaa chini, anachimbia visigino, anavuta kamba, anaizungusha mgongoni, ndipo anajibu, "Nimekaza." Bila jibu hilo hakuna anayeinua mguu. Hata ukae saa nzima. Kwa siku moja mnaweza kuulizana na kujibizana mara mia.

Miaka zaidi ya thelathini nilikuwa sijaulizwa swali hilo. Nani Johannesburg angelijua?

Nikageuka. Alikuwa Ndesario.

Ndesario alikuwa mwenzangu wa kamba. Tulizaliwa kijiji kimoja, tukabatizwa Jumapili moja. Alifia kwenye mwanya wa barafu akiwa na miaka ishirini na sita, na aliyesimama mlangoni mwangu alikuwa na miaka ishirini na sita. Sweta la bluu alilofumiwa na mama yake, kiraka cha kahawia kwenye kiwiko cha kushoto. Kofia ya sufu. Theluji mabegani. Alisogea karibu na hita mpaka nikaona moto unamulika suruali yake, na ile theluji haikuyeyuka. Hata tone.

Utauliza, ulikimbia? Ungekimbilia wapi? Mlango ulikuwa mmoja na yeye alikuwa amesimama hapo.

"Mbe," akasema, ndivyo tunavyoitana kwetu wanaume tunaoheshimiana. "Umezeeka."

"Ndesario. Si umekufa?"

"Nimekuletea kazi."

Akaweka kamba mezani. Ile kamba. Nyekundu na nyeupe, imefifia, ambayo kaka yake, Aikaeli, alipewa na mgeni mmoja na akatuazima sisi. Ilikuwa imelowa na imeganda, imezungushwa vizuri kama tulivyozoea.

"Uliwaambia ilikatika," akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira. "Uliwaambia mama na kaka na kanisa zima. Nionyeshe ilipokatika."

Nikaitazama kamba.

"Kamba ikikatika inakuwa vipande viwili. Mimi nilishuka na kipande changu. Cha kwako kiko wapi?"

Wewe unayesoma, umeshaelewa, si ndiyo? Kwetu hakuna aliyeelewa. Miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kipande changu cha kamba kiko wapi.

Basi niandike sasa, ndiyo sababu nimenunua daftari. Kamba haikukatika. Asubuhi ile nilibanwa na mkojo. Fundo la kamba lilikuwa juu ya mkanda wa suruali, vidole vimekufa baridi, nikalifungua lote niweze kukojoa. Kamba nikaiweka kwenye theluji pembeni ya mguu wangu. Nikiwa katika hali hiyo, suruali mkononi, Ndesario akauliza kule mbele, "Nakanyaga?" Na mimi nikajibu, "Nimekaza!" Sikukusudia. Nilishajibu mara mia tangu juzi, ulimi ulijua kazi yake bila mimi. Nikaona kamba inapita pembeni ya buti langu. Nikairukia. Ikanichoma viganja vyote viwili, ikaenda yote, mpaka ncha.

Hakupiga kelele. Hicho ndicho watu huwa hawaamini. Kulikuwa na sauti tu kama mlango unafungwa polepole.

Nilishuka nikasema imekatika. Ilikuwa kamba ya zamani, wakaamini. Na wakasema ni Aikaeli aliyempa mdogo wake kamba mbovu. Niliwasikia wakisema hivyo msibani. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali.

"Mwanao anaondoka alfajiri," Ndesario akasema. "Anatembea na maneno yako."

"Nitamzuia."

"Mwambie. Kama humwambii, tafuta ilipokatika. Ukipaona nitakuja kuichukua kamba, nami nitanyamaza."

Umeme ukarudi. Taa zote za duka zikawaka mara moja, friji ya soda ikaanza kuguruma, na pale mlangoni palikuwa na mwenye duka anaingia na kofia yake ya swala. Akaniuliza, "Mzee, mbona hapa baridi hivi, umezima hita?" Hita ilikuwa inawaka. Na kamba ilikuwa mezani. Aliiona. Akasema, "Kamba ya nani hii, inamwaga maji kwenye vitambaa vyangu." Kwa hiyo usiniambie nilikuwa peke yangu na macho yangu.

Nikampigia Elia hapo hapo. Alikuwa dukani ananunua mkaa.

"Msiende kesho," nikamwambia. "Subirini siku mbili."

"Shikamoo, baba. Kuna nini?"

"Theluji ya kwanza haijashikana. Kule mnakokwenda mnapanda miteremko ya majani. Majani yamelala kuelekea chini kama nywele zilizochanwa. Theluji mpya ikikaa juu yake haina pa kushika, ikitikiswa inateleza yote pamoja. Kilimanjaro tulisubiri."

"Baba, ukisubiri siku mbili ya huku imekwisha. Tutaenda kupiga picha na matope?" Akacheka, na nyuma yake nikasikia wengine wanacheka. "Nimeshalipia kombi. Halafu usiogope, tutafungana wote watano. Kamba yangu ni mpya, inabeba gari. Yako ilikuwa mbovu, baba, si ulisema mwenyewe?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Ilikuwa imefunguliwa kabisa, kama mlango. Ningesema maneno mawili tu. Haikukatika, Elia. Kijana angeuliza, nini basi? Na angekaa usiku kucha anafikiri, na huenda asingekwenda.

Nikasema, "Haya. Muwe waangalifu."

Kwa nini? Najiuliza kila siku. Mtu ana mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo anamwona baba kama mtu aliyepambana na mlima, akashindwa na kamba tu. Niliona aibu kumpa baba mwingine kwenye simu, akiwa dukani na mkaa mkononi. Ndiyo hivyo.

Jumamosi nilifika kibandani saa moja na nusu asubuhi. Kamba ilikuwa pale pale, imelowa, na meza nzima imefanya ukungu. Nikajifungia. Na unajua nilichofanya? Nilianza kutafuta ilipokatika. Ndiyo. Mtu mzima. Nilijua hakuna, lakini nilisema labda barafu imeisaga miaka yote hiyo, labda kuna mahali nyuzi zimeachia, nitaonyesha hapo, nitasema ni hapa, yatakwisha.

Nikaipitisha mkononi pima kwa pima. Kamba ile nilikuwa naijua, pima ishirini na mbili. Nilihesabu ishirini na mbili, ikaendelea. Nikahesabu arobaini. Sitini. Ilikuwa inatoka kwenye fungu lile lile dogo na fungu halipungui. Sakafu ikajaa, ikafunika cherehani, ikafika magotini mwangu, baridi, nzito. Viganja vikaanza kuchanika, pale pale palipoungua zamani. Hakuna mkato. Hakuna hata uzi ulioinuka. Ilikuwa nzima kama imetoka dukani.

Niliangalia saa ya ukutani, ilikuwa saa nne kasoro. Sijui muda uliendaje. Nikajua hao watoto wameshafika. Nikakaa chini katikati ya kamba ile nikalia, na nikasema kwa sauti, peke yangu, "Haikukatika. Mimi sikuwa nimekaza."

Ncha ikaanguka mkononi mwangu.

Simu ya Elia haikupatikana. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga ya Patient. Ikaita. Ikaita sana. Akapokea.

"Papa! Tuko ndani ya friji ya Mungu!" Upepo unapiga kwenye simu. "Iko muzuri sana, nakuambia!"

"Mko wapi?"

"Tunakata huu mlima kwa kati, tufike upande wa mawe. Elia ameisha fika kwa mawe. Mi niko kati. Wengine watatu wako nyuma yangu."

"Mmefungana?"

"Wote. Kama mbuzi za soko."

Hebu fikiri. Mteremko wa majani, theluji ya jana, watu watano wamefungwa kamba moja, hakuna kigingi hata kimoja. Mmoja akichukuliwa, wanakwenda wote. Kamba ya kwenye barafu inakuokoa na shimo kama mwenzako amekaza. Kwenye mteremko unaoteleza kamba haiokoi mtu, inawaongeza idadi tu. Hayo nilikuwa nayajua. Na mwanangu hakuyajua, kwa sababu mimi nilimlea akiamini kuwa kamba ndiyo kila kitu, nzuri inaokoa, mbovu inaua.

"Patient, weka spika, Elia anisikie."

Akaweka. Nikasema. Nikasema yote, mkojo, fundo, neno nililojibu, Aikaeli aliyesingiziwa. Nilisema haraka kama mtu anatapika. Nikasema, fungueni hiyo kamba, ardhi hiyo haina mtu aliyekaza, rudini mmoja mmoja, mkikanyaga pale pale mlipokanyaga, na mmoja akitembea wengine wasimame.

Upepo tu. Halafu sauti ya Elia, mbali. "Baba, uliniambia ilikatika."

"Nilidanganya."

Elia akawaambia wenzake kwa Kiingereza na kwa Kizulu, fungueni, rudini mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Nikawasikia wanafungua. Yule wa mwisho kabisa akaanza kurudi. Akafika. Akafuata wa pili. Akafika. Patient ilibidi asubiri, yeye alikuwa katikati, na simu alikuwa ameishika bado.

"Papa," akasema taratibu, anacheka kidogo kwa woga. "Kumbe uko muongo hivi? Na ile sura ya mchungaji."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi sina neno. Wa tatu anafika sasa. Mi nafuata."

Nikasikia kitu. Nimewahi kukisikia Kilimanjaro mara mbili tatu, lakini kwa mbali. Ni kama mtu mnene sana amekaa juu ya godoro kuukuu. Vuumm. Pumzi ya chini. Patient akasema, "Papa, iko nini hii?" Nikasema, "Kimbia pembeni." Sijui kama alisikia. Simu haikukatika. Niliendelea kusikia mchakacho, kama mchele unamiminwa, muda mrefu, halafu ukatulia. Na simu ikaendelea. Dakika kumi na mbili iliendelea, nilitazama namba zinaongezeka. Nilikuwa naita jina lake.

Walimchimbua kwa mikono na kwa vifuniko vya kuler boksi walizobebea nyama. Hakuwa chini sana, kina cha kiuno tu. Elia alinisimulia mara moja na hakurudia. Alisema theluji ile ilikuwa imeshikana kama saruji, na mdomo wake ulikuwa umejaa.

Jioni niliporudi kibandani kamba haikuwepo. Sakafu ilikuwa imelowa kutoka ukuta mpaka ukuta. Mwenye duka alinidai nilipe vitambaa vilivyolowa, kisha alipoona uso wangu akasema basi.

Yaliyofuata ni haya. Kwenye matanga ya Patient, huko Yeoville kwa kaka yake, nilisimama mbele ya watu nikasema yote. Kaka yake alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Papa, kama ulikuwa unajua tangu Ijumaa, kwa nini ulingoja mutoto apande?" Nikakaa chini. Nilipiga simu Moshi kutafuta Aikaeli. Alipokea binti yake. Aikaeli alishakufa, alihama kijiji kwa sababu ya maneno ya watu, akafia ugenini akiwa mlinzi wa shamba la watu. Binti alinishukuru. Alisema, "Asante babu, nitawaambia waliobaki. Wamebaki wachache."

Na Elia. Elia yuko hai, ndicho nilichokuwa nataka, nimekipata. Hanipigii Jumapili. Alikuja mara moja, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaniuliza jambo. Akasema, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye mawe, baba. Kama Patient angekuwa bado amefungwa na mimi, ningeweza kumshika. Nikasema, au mngekwenda wote watano. Akasema, au ningemshika. Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua. Akaondoka bila kunywa chai.

Viganja vyangu havijapona. Daktari wa kliniki aliniuliza nimeshika nini, nikamwambia, akaandika kuungua. Sindano ya viatu siishiki vizuri tena. Na kuna kitu kingine, wateja wanafikiri nimekuwa kiziwi. Mtu akinisemesha sijibu haraka. Nangoja. Nauliza mkono kwanza kama umekaza.

Sasa wewe. Ukisikia theluji imeanguka, iache ilale. Siku ya kwanza ni ya kuangalia ukiwa barabarani, ndani ya kombi, na nyama yako. Usikate mteremko wa majani kwa katikati, hata uwe mfupi, hata uwe umewaona wengine wamepita. Ukisikia mlima umepumua chini ya miguu, umeshachelewa. Usijifunge na mtu pasipo na mtu wa kukaza. Na kama kuna mtu alifia mikononi mwako, mlimani au popote, sema alivyokufa. Sema hivyo hivyo, na aibu yake. Kwa sababu watu watapita njia uliyowaeleza, watapita na watoto wao, wakidhani wanajua shimo liko wapi.

Bado vijana wanakuja kibandani mwezi wa sita, siku za Ijumaa, wanacheka, wananiletea buti. Sizishoni kwanza. Nawasimulia haya, tangu mwanzo, na mkojo wangu humo humo. Wengine wanaghairi. Wengine wanacheka zaidi, wanasema mzee ana mambo ya mizimu. Anayecheka namwomba namba ya simu ya mama yake, ili nijue nitampigia nani. Wengi hawanipi. Mmoja alinipa. Ninayo, imeandikwa kwenye jalada la daftari hili, na msimu bado haujaisha.